Pumzi ya kipindi cha pili: mwongozo wa wiki 8 kwa vijana wa mpira

"Kocha, tuzunguke uwanja mara ngapi ili tuwe na pumzi?" Swali hili linaniingilia kwenye simu karibu kila wiki, hasa mashindano ya shule yakikaribia. Likitoka hilo linakuja jingine: nikimbie ufukweni alfajiri? Nivae koti la mvua nitoe jasho zaidi? Mbona kipindi cha kwanza tunawabana, cha pili miguu inakuwa mizito kama imefungwa mawe? Nimechoka kujibu vipande vipande, kwa hiyo naandika lote hapa mara moja.

Jibu fupi: acheni kuzunguka uwanja. Mtazame winga wako kwa dakika 5 tu. Anachomoka mita 15, anatembea, anarudi kukaba huku akijivuta, anageuka, anaruka, anachomoka tena. Mchezaji wa kulipwa humaliza mechi na kilomita 10 hadi 13 miguuni, lakini kilomita hizo zimekatwakatwa vipande vipande. Kinachomwangusha kijana kipindi cha pili ni kuchelewa kurudisha pumzi kati ya mbio moja na nyingine. Basi hicho ndicho tutakachokifanyia mazoezi: kazi kali ya muda mfupi, mapumziko ya kuhesabu kwa saa, halafu kazi tena. Mara 2 kwa wiki zinatosha.

Haya ni ya vijana wa miaka 14 hadi 17, wavulana kwa wasichana. Walio chini ya hapo waache wacheze 4 kwa 4 kwenye kauwanja kadogo, mipira iwe mingi na foleni ziwe chache. Mtoto wa miaka 10 anayepiga chandimu mtaani kuanzia saa 9 mchana hadi adhana ya magharibi keshapata pumzi yake, huna cha kumwongezea isipokuwa maji.

Vya kuandaa

- Koni 10. Kama huna, chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa mchanga zinafanya kazi ileile, na upepo hauzichukui.
- Kamba ya mita 20. Azima futi ya fundi, pima mara moja, piga fundo kila mwisho.
- Filimbi, na simu inayohesabu sekunde.
- Daftari moja lisilotumika kwa jambo jingine.
- Maji ya kunywa, walau lita 1 kwa kila kichwa.
- Umri wa kweli wa kila mchezaji. Najua vijeba wapo, na najua kwa nini wapo. Lakini mapigo ya moyo na mifupa havidanganyiki na cheti. Kama kwenye karatasi ana miaka 15 na nyumbani wanamjua ana 19, andika 19 kwenye daftari lako.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kukimbiza

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu. Mwite mzazi au mlezi, au mpigie, umuulize mambo manne. Kijana amewahi kuzimia au kubanwa na kifua akiwa anakimbia? Kuna ndugu wa damu aliyefariki ghafla akiwa bado kijana? Ana pumu? Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell)?

Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya mawili ya kwanza, kijana hakimbii mpaka daktari amsikilize moyo. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003, hakuna aliyemgusa, na hakuamka. Alikuwa na miaka 28, mchezaji wa kulipwa aliyezungukwa na madaktari. Wewe una filimbi na chupa za mchanga.

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo usilichukulie swali hilo kama la kujaza fomu. Mwenye ugonjwa huo hafanyi mazoezi haya bila ruhusa ya daktari anayemtibu. Mwenye pumu anaweza kucheza vizuri kabisa, ila dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwako wewe, si kwenye begi lililofungiwa ofisini kwa mwalimu.

Hatua ya 2: Pima pumzi kwa dakika 6

1. Pima mstatili wa mita 60 kwa 40. Weka koni kila mita 20. Zitatoka 10 kamili, na mzunguko mmoja ni mita 200.
2. Wagawe wawiliwawili. Mmoja anakimbia, mwenzake amekaa na peni anapiga alama kila anapopitiwa.
3. Piga filimbi na uanzishe saa. Kila dakika taja muda kwa sauti.
4. Dakika ya 6 piga filimbi ndefu, kila mmoja asimame pale alipo. Hesabu mizunguko, ongeza koni alizopita, kadiria mita zilizobaki.

Mfano: mizunguko 7 na koni 2 ni mita 1,440.

Hapa pana kosa ninaloliona kila mwaka. Filimbi ikilia tu, wawili watatu wanachomoka kama wanafukuza mwizi. Dakika ya 3 wameshika viuno, dakika ya 5 wanatembea, na namba inayoingia daftarini ni ya ujinga wa mwanzo, haina habari na pumzi zao. Waambie mapema kwamba mwendo wa mzunguko wa kwanza uwe uleule wa mzunguko wa mwisho. Atakayeharibu arudie baada ya siku 2. Na usipime siku inayofuata mechi, wala usipime leo saa 12 asubuhi halafu safari ijayo saa 9 mchana ukaja kulinganisha. Vilevile timu ya pwani iliyosafiri kwenda Mbeya, mita 1,700 na ushee juu ya usawa wa bahari, itapata namba ndogo kuliko ya nyumbani. Hewa ya kule ni nyepesi. Msishtuke.

Hatua ya 3: Gawanya kwa 24

Dakika 6 zina vipande 24 vya sekunde 15. Kwa hiyo chukua mita alizokimbia kijana, gawanya kwa 24, unapata mita anazoweza kwenda kwa sekunde 15 pumzi yake ikiwa karibu na kikomo. Ongeza asilimia 5 ili kazi ing'ate kidogo.

- Aliyepata 1,440: mita 60, na nyongeza inakuwa 63.
- Aliyepata 1,320: mita 55, na nyongeza inakuwa 58.
- Aliyepata 1,200: mita 50, na nyongeza inakuwa 53 hivi.

Andika namba hiyo mbele ya jina lake. Hiyo ndiyo namba yake kwa wiki zinazofuata, haibadiliki kwa sababu rafiki yake ana kubwa zaidi.

Hatua ya 4: Pasha mwili, dakika 20, kila siku

Ule mpango wa FIFA wa kupasha mwili unaoitwa 11+ haudai hata shilingi. Una dakika 8 za mbio nyepesi na kugeuka, dakika 10 za nguvu na mizani, dakika 2 za mbio za kasi. Katika zile 10, usiruke zoezi la kupiga magoti mwenzako akikushika vifundo huku ukijishusha mbele taratibu. Vijana hawalipendi kwa sababu linauma nyuma ya paja, na ndiyo misuli inayochanika ukiwa unamkimbiza beki. Lile la kunyoosha mguu ukiwa umesimama tuli dakika nzima kabla ya kukimbia, liache. Fanyeni mwishoni kama mnalipenda.

Hatua ya 5: Wiki ya 1 na 2, msingi

Siku 2 kwa wiki, si siku zinazofuatana: kimbieni dakika 8 mwendo mwepesi, tembeeni dakika 2, rudieni mpaka zitimie mara 3. Mwepesi kiasi gani? Kijana aweze kumsimulia mwenzake mechi ya Simba na Yanga bila sentensi kukatika. Akianza kujibu kwa neno mojamoja, amezidisha.

Wavae raba. Njumu kwenye uwanja mkavu wa vumbi, kwa mbio za mfululizo, ndizo zinazoleta maumivu ya ugoko. Asiye na raba akimbie kwenye nyasi au udongo laini, peku ikibidi, baada ya wewe mwenyewe kupita kuokota vigae na misumari.

Hatua ya 6: Wiki ya 3 hadi ya 5, sekunde 15 kwa 15

Hapa ndipo penye kiini cha mwongozo wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

1. Chora mstari mmoja wa kuanzia. Wote wanasimama hapo.
2. Kila kundi lina alama yake mbele: wa 53, wa 58, wa 63. Si lazima kila mtu awe na alama, makundi 3 au 4 yanatosha.
3. Filimbi: wanakimbia. Sekunde ya 15, filimbi: kila mmoja anapaswa kuwa anaigusa alama yake.
4. Sekunde 15 za kutembea papo hapo na kugeuka.
5. Filimbi: wanarudi mstarini. Sekunde 15 za kupumzika. Endelea.

Wiki ya 3 fanya hivyo kwa dakika 5, yaani mbio 10, pumzika dakika 3 mkitembea, kisha 5 nyingine. Wiki ya 4 ni dakika 6 mara 2. Wiki ya 5 ni dakika 7 mara 2. Usiongeze mbio na mita kwa wiki moja.

Utaona jambo la kupendeza. Yule beki mzito ambaye siku zote huwa wa mwisho kwenye mizunguko, anachekwa, anajifanya kamba ya kiatu imefunguka, leo anafika kwenye alama yake sekunde ileile ambayo winga anafika kwenye yake. Wote wanahema sawa. Hakuna anayemngoja mwenzake. Mimi niliona kijana wa namna hiyo akibadilika kwa wiki 3, na sidhani ilikuwa mapafu tu.

Angalizo: anayefika alama yake sekunde ya 12 akasimama kujishaua, mwambie apunguze kasi, anafanya zoezi jingine ambalo hukulipanga. Anayeshindwa kufika mara 2 mfululizo, mtoe apumzike mbio mbili kisha arudi na alama ya karibu zaidi. Na mbio hizi zifanyike mara tu baada ya kupasha mwili, miguu ikiwa mibichi. Ukiziweka mwishoni baada ya saa nzima ya mpira, watakimbia vibaya, na kukimbia vibaya ndiko kunakoumiza.

Hatua ya 7: Wiki ya 6 hadi ya 8, dakika 4 mara 4, na mpira

Mwaka 2001 Jan Helgerud na wenzake wa Norway walichapisha matokeo ya vijana wa mpira waliokimbia dakika 4 kali mara 4, katikati wakijogi dakika 3, siku 2 kwa wiki kwa wiki 8, juu ya mazoezi yao ya kawaida. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulipanda kutoka mililita 58.1 hadi 64.3 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, na umbali waliokimbia kwenye mechi uliongezeka kwa asilimia 20. Wao walikimbia bila mpira. Sisi tutaweka mpira, kwa sababu vijana wetu ukiwanyima mpira wiki 8 watakimbilia ndondo za mtaani na hutawaona tena.

1. Uwanja wa mita 30 kwa 20. Timu 2, watu 3 kwa 3 au 4 kwa 4, bila makipa, magoli madogo ya koni.
2. Mipira ya akiba pembeni pande zote. Ukitoka mmoja, unarushwa mwingine papo hapo. Mpira ukifa kwa sekunde 20 kila mara, zoezi limekufa nao.
3. Dakika 4 za kucheza, dakika 3 za kujogi taratibu. Mara 4.
4. Paza sauti. Kocha akikaa kimya chini ya mwembe, vijana nao wanatembea.

Mkali kiasi gani? Chukua 208, ondoa umri uliozidishwa kwa 0.7, unapata makadirio ya kikomo cha mapigo ya moyo. Kijana wa miaka 15 anapata kama 197. Tunataka asilimia 90 hadi 95 ya hapo. Filimbi ya dakika ya 4 ikilia tu, aweke vidole viwili shingoni ahesabu kwa sekunde 10. Akipata 30 au 31, yuko mahali pake. Akipata 26, alikuwa anasubiri pasi. Punguza mtu mmoja kila upande au panua uwanja. Wahesabu haraka, maana wakikaa wakipiga soga nusu dakika, mapigo yameshashuka na namba haina maana.

Kuipanga wiki

Mechi ikiwa Jumamosi: Jumatatu mpira mwepesi, Jumanne kazi kali ya kwanza, Jumatano pumziko au mbinu, Alhamisi kazi ya pili, Ijumaa pumziko kamili. Alhamisi hiyo iwe nusu ya Jumanne. Wiki yenye mechi 2, futa kazi kali zote. Mechi yenyewe ni kazi kali.

Januari na Februari Dar es Salaam usianze kabla ya saa 11 jioni, au anzeni saa 12 asubuhi. Maji ni ruhusa wakati wowote. Bado wapo makocha wanaonyima maji ili "kuzoesha", na wapo vijana wanaojifunga nailoni tumboni. Jasho ni maji yanayotoka, si pumzi inayoingia. Mwezi wa Ramadhani, kwa waliofunga, weka mazoezi mepesi nusu saa ya mwisho kabla ya magharibi, ili wakimaliza wakute tende na maji, na hizo mbio za sekunde 15 ziahirishe.

Jambo jingine: usiwaadhibu kwa kuwakimbiza. Aliyechelewa aokote koni au afue vizibao. Nilishawahi kuwapiga raundi 10 timu nzima kwa kosa la watu wawili, siku 2 kabla ya mechi. Tulifungwa 3 kipindi cha pili, na kiungo wangu alikaa nje mwezi mzima kwa maumivu ya ugoko. Adhabu ile nilijipa mwenyewe.

Mambo yakienda kombo

*Kichomi ubavuni.* Mara nyingi amekula muda si mrefu au amekunywa maji mengi kwa mkupuo. Apunguze mwendo, apumue kwa kina akitoa pumzi taratibu. Kikija kila siku, sogeza chakula saa 2 au 3 kabla.

*Anaishiwa nguvu dakika ya 10.* Kabla ya kumlaumu, muulize kwa upole, pembeni: "Mwanangu, leo umekula nini?" Wengi hutoka shule wakiwa na uji wa saa 4 asubuhi tu. Ndizi 2 na kiazi kilichochemshwa vinashinda ufundi wako wote. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu si vya watoto.

*Amepungua ghafla kwa mita 100 au zaidi.* Ametoka kuugua malaria? Analala saa ngapi? Anacheza timu ngapi? Wapo wanaochezea shule, mtaa na akademi kwa wiki moja. Msichana anayechoka mfululizo na kupauka viganja apimwe damu.

*Goti linauma chini ya kifuniko, pana kinundu.* Au kisigino kinauma asubuhi. Ni dalili za mwili unaorefuka kwa kasi, mara nyingi wasichana kwenye miaka 12 na wavulana kwenye 14. Punguza mbio na kuruka kwa nusu, mwache achezee mpira kwa kiasi maumivu yanavyoruhusu. Asipopata nafuu ndani ya wiki 2 aende hospitali. Usimchue kwa nguvu.

*Misuli ya kigimbi inakaza.* Simamisha, nyoosha taratibu, apumzike. Kesho mpunguzie.

*Anaweweseka, ngozi ni ya moto, anayumba juani.* Kivulini, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima na mpepee hapohapo, usafiri wa hospitali ukitafutwa.

*Ameanguka bila kuguswa, haitiki, hapumui sawasawa.* Usimwekee kijiko mdomoni, wala usisubiri azinduke. Mlaze chali, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, mkipokezana, mpaka msaada ufike. Fanyeni mazoezi ya jambo hili siku moja kwenye mto wa kulalia.

*Namba haipandi baada ya wiki 4.* Angalia mahudhurio kwanza. Mara 9 kati ya 10 jibu liko kwenye daftari: amekuja siku 3 kati ya 8. Kama amekuja zote, pima upya, gawanya tena kwa 24, pengine alama yake imekuwa ya karibu mno. Na ukiona mtoto wa miaka 14 amepanda sana, usijisifu haraka. Moyo na mapafu yake vinakua vyenyewe kila mwezi, hata asipokuwa na kocha.

*Masika, uwanja umekuwa ziwa.* Fanyeni dakika zile 10 za nguvu barazani, na ule mchezo wa dakika 4 uhamie sehemu yoyote kavu ya mita 20 kwa 15, wakiwa 2 kwa 2. Sakafu laini ya saruji ikilowa inateleza, hapo msikimbie.

*Na kipa?* Afanye wiki ya 1 hadi ya 5 na wenzake. Kuanzia ya 6 abaki na mazoezi yake ya kuruka na kuinuka, sekunde 15 kazi, sekunde 30 pumziko. Kwenye mchezo wa dakika 4 muingize kama mchezaji wa ndani siku moja moja. Atakulalamikia siku ya kwanza, siku ya pili atataka kupiga penalti.